Neno la Kamisaa na Kofia Yake

Neno la kwanza la Kiingereza nililolishika vizuri lilikuwa la kumchafua bibi yangu. Nililipata wakati wa vita vya uhuru, porini nyuma ya Kionga, tulikohamia kuzikimbia ndege za Wareno. Eskola yetu haikuwa na ukuta. Mwalimu aliandika ubaoni kwa kipande cha muhogo mkavu, na njaa ikituzidi tuliutamani hata mwandiko wake. Mimi nilikuwa msichana wa ndoto: nilijiona nikisoma habari redioni kwa lugha ambayo mwenyewe siielewi.

Basi akafa jirani yetu, Mmakonde, mchonga mipini ya majembe. Bibi yangu ni Myao, na hao ni watani. Akaifanya kazi ya mtani msibani. Maiti ilipotaka kutolewa, akajilaza mlangoni.

"Hatoki mtu," akasema. "Mvivu huyu anajifanya amekufa asilime shamba la wote."

Kisha akavaa suruali ya marehemu na kuchechemea kama yeye. Mjane, aliyekuwa amekauka kama gogo tangu alfajiri, akacheka mpaka machozi yakapata njia.

Sasa kamisaa wetu, mkuu wa siasa wa wapiganaji, alikuwa mgeni, kalelewa misheni, kasomea Kiingereza ng'ambo ya Ruvuma. Aliona bibi kizee mwenye suruali anamtukana maiti. Akasema hiyo ni depraviti. Akaamuru asubuhi kifanyike kikao, halafu bibi apelekwe kambi ya bara, kule Pundanhar, akafundishwe upya. Bibi hakuwa na magoti ya kufika Pundanhar. Na mimi sikuwa na mtu mwingine duniani.

Nilimkimbilia mwalimu kumwuliza neno hilo ni mdudu gani. Akanieleza kwamba ni kuoza tabia, mtu kuharibika mpaka ndani. Waingereza wamelitoa kwenye Kilatini, lugha ya mapadri, na huko mwanzoni lilikuwa kupinda tu, kama mti usionyooka.

Nikampelekea bibi habari hizo.

"Kupinda?" akasema. "Na Kilatini chote hicho. Mgongo huu umepinda tangu nimzae mama yako, wala padri hakuulizwa."

Asubuhi tukakaa chini ya mikorosho. Kamisaa akauliza, "Mama, unakubali kwamba ulimtukana marehemu?"

"Nakubali, kamarada. Tena nilikuwa sijamaliza."

Mjane akasimama. "Kama asingemtukana, ningejua mume wangu hakuwa na watu."

"Hizo ni mila za kizamani," kamisaa akasema.

Bibi akamkazia macho. "Mwanangu, wewe kabila gani?"

"Hapa hakuna kabila. Kuna wananchi."

Mlinzi wake, kijana mwema asiyejua kunyamaza, akadhani amesahau. "Kamarada kamisaa, si mama yako Mngoni?"

Bibi aliinuka kwa magoti ambayo sikujua anayo. Akaichomoa kofia ya kamisaa kichwani, akaivaa yeye.

"Mngoni. Kumbe ni mtumwa wangu, siku zote umejificha humu. Kofia utaikomboa."

Mngoni na Myao ni watani tangu mababu, na kwa mtani kukasirika ni haramu. Kamisaa akanyoosha mkono, akaurudisha. Akamtazama mlinzi. Mlinzi akatazama juu, eti anasikiliza ndege. Tukaona usoni mwa kamisaa misheni yote ikimtoka na mama yake akirudi. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kipande cha sabuni.

"Chukua, ukaoge," akasema. "Nyie Wayao tunawajua, maji mnayaogopa kuliko mabomu."

Kikao kizima kikaanguka kwa kicheko. Akishamtania, atampelekaje kambini? Bibi akamrudishia kofia na kuinusa sabuni.

"Ndogo," akasema. "Mama yako angetoa nzima."

Jioni nilimfulia kanga yake kwa sabuni ile. Povu lilikuwa zuri, na kila niliposugua nilisema depraviti, depraviti, kwa sauti ya redio, huku bibi akinisahihisha matamshi.