Kidonda Ambacho Mkwe Hakuruhusiwa Kukiona

Niliondoka Mbeya Ijumaa asubuhi nikiwa na hasira, na ndugu zangu wa nyumbani Tanga mtakaosoma haya mkiona maneno yangu makali, jueni nimeshayapunguza. Nimesomea uuguzi, na kazi yangu ni kupokea taarifa. Mradi wetu una wahudumu wa afya vijijini, na mmoja wao akishuku ugonjwa wa mlipuko hupiga simu tawi la karibu, tawi hutuletea sisi Mbeya, nasi hutuma watu mara moja. Ndivyo tunavyowaeleza wageni wanaotoka nchi za mbali kuja kutupongeza.

Asubuhi hiyo nilikuta taarifa ya tangu Jumatatu kutoka Masoko, wilayani Rungwe. Mzee mmoja alimchuna ng'ombe aliyejifia zizini, na sasa ana homa, na mkononi kidonda cheusi kisichouma. Aliyesomea kazi hii akisikia hivyo anawaza kimeta, ugonjwa wa mifugo unaoua na watu, ingawa ukiuwahi dawa zake ni za kawaida kabisa. Chini yake tawi letu la Tukuyu lilikuwa limeandika: "Imerudishwa. Mtoa taarifa hajakiona kidonda."

Nikampigia mtoa taarifa, mhudumu wetu wa huko, mwanamke anayeitwa Atupele.

"Dada, mgonjwa ni baba mkwe wangu," akasema. "Mimi siwezi kumwona. Nimewaambia hivyo tangu Jumatatu."

Sikumwelewa. Nilichukua dawa, nikamwambia dereva awashe gari.

Tulipofika Kiwira mvua ilikuwa inanyesha na dereva alisimama kununua maparachichi. Yeye ni Mnyakyusa, mtu mzima mwenye wajukuu, basi nikamuuliza maana ya maneno yale.

"Kwetu mkwe na baba mkwe hawaonani," akasema. "Wakikaribia kukutana njiani, mwanamke anaingia migombani mpaka mzee apite. Mke wangu hajawahi kumtazama baba yangu usoni, na wanapendana fijo, yaani sana."

"Mratibu wetu wa Tukuyu, aliyeirudisha taarifa, anajua mambo haya?"

"Yule? Mzaliwa wa hapahapa kabisa! Baba yake akija kumtembelea, mke wake anatokea mlango wa nyuma."

Parachichi nililokuwa nimemenya likanishinda. Nilidhani naenda kupambana na ujinga, kumbe mtu alijua kila kitu.

Tukuyu palikuwa na baridi na ukungu. Mratibu alinipokea kwa tabasamu, akanivutia kiti, akaagiza chai ya maziwa. Nikamuuliza nikiwa nimesimama kwa nini aliirudisha taarifa.

"Mwongozo, dada. Mtoa taarifa awe amemwona mgonjwa kwa macho yake."

"Mke wako amewahi kumwona baba yako?"

Akacheka. "Hayo ni ya nyumbani. Hapa tuko kazini."

Alivyolisema jambo hilo kwa raha, nilitamani kummwagia ile chai. Nilimwachia ikiwa haijaguswa.

Barabara ya Masoko ilikuwa na utelezi, na mahali pengine tulishuka tukasukuma. Nyumba ya mzee ilikuwa katikati ya migomba na kahawa. Atupele alitusubiri nyuma, jikoni kwake, khanga kichwani, na hakuvuka hata hatua kuja upande wa mbele. Mumewe yuko Dar es Salaam kikazi, mama mkwe alishafariki. Majirani wanaume ndio waliomweleza kidonda kilivyo, lakini alipowaomba wakipige picha kwa simu, wakagoma wote. Nyama ya yule ng'ombe waligawana, na waliogopa serikali ikisikia itawapiga faini.

"Kwa hiyo umemuuguza vipi?" nikauliza.

"Naweka chakula mlangoni, nakohoa, naondoka. Jana sahani imebaki vilevile. Nikakohoa sana, dada. Naye hakujibu."

Niliingia peke yangu. Mzee Ambakisye alikuwa amelala ubavu, mkono umevimba mpaka begani, kidonda cheusi tii katikati. Alikuwa anahema kwa shida. Nikamwamkia, nikamchoma sindano.

"Ndaga fijo, mwanangu," akanishukuru kwa sauti ya chini. "Huyo mkwe wangu umemwona? Amekula? Tangu juzi namsikia yuko nje tu."

Tulipombeba kumpeleka garini, Atupele alikuwa ametugeuzia mgongo, anatazama migomba. Nilimwahidi kwamba baba mkwe atarudi.

Jumamosi asubuhi mzee alifariki hospitalini. Daktari alisema sumu ilikuwa imeshaenea mwilini, angewahishwa mapema wiki hiyo wangemtibu akarudi nyumbani.

Baada ya hapo, mngeona tulivyokuwa hodari! Magari yalikuja mpaka yakakosa pa kuegesha. Majirani waliokula ile nyama walipewa dawa, na mmoja aliyekuwa ameanza kidonda kama cha mzee akapona. Ng'ombe wa kijiji kizima walichanjwa. Kumbe dawa zilikuwepo, mafuta ya gari yalikuwepo, watu walikuwepo. Kila nilipoona gari jingine linaingia nilizidi kuchemka.

Kabla ya kurudi Mbeya tulikutana ofisini Tukuyu. Nilichojifunza katika safari hii nilikuwa nacho tayari kichwani, kwamba tunaweza kuuzunguka ulimwengu mzima na mitambo yetu ya kunasa magonjwa, na yote ikafia kwa mtu mmoja asiyetaka kumwamini mwanamke wa kwao. Mratibu alisimama mbele, shati limenyooka.

"Ugonjwa umegunduliwa Ijumaa," akatangaza, "na Ijumaa hiyohiyo tumefika kwa mgonjwa. Wenzetu duniani watakuja kujifunza kwetu. Makofi ya kilo!"

Wakapiga. Nikageuka nyuma, nikamwona Atupele, bado na kitambaa cha msiba kichwani, naye anapiga.

"Atupele," nikamwita mbele yao wote, "wewe uligundua lini?"

Akasimama taratibu. "Jumatatu, dada. Nilipiga simu hapa hapa."

Makofi yakakatika. Mratibu akashusha sauti, akaniambia kistaarabu kabisa kwamba siku ya kugundua ni siku ambayo mtaalamu amemwona mgonjwa, na kwamba tusiharibu kazi nzuri ya wenzetu.

"Basi mpigie simu mume wa Atupele," nikamwambia. "Mweleze kwamba Jumatatu baba yake alikuwa bado hajaugua."

Simu yake ilikuwa mezani mbele yake. Hakuigusa.