Abiria wa Gari la Kijivu

Nikwambie mapema: sikuwa mgonjwa siku hiyo, sikuwa na njaa, na ilikuwa mchana, saa tisa na kitu. Nasema hivi kwa sababu watu wakisikia kisa hiki, jambo la kwanza wanaloniuliza ni kama nilikuwa nimechoka. Sikuwa. Mimi nafundisha darasa la tatu. Watoto arobaini na watano hujaribu kunidanganya kila siku ya shule, kwa hivyo macho yangu nayaamini. Nilichoona nilikiona, na binti yangu alikiona kabla yangu.

Tunaishi Membley, mimi na mume wangu, Baba Shiro, na Shiro mwenyewe ambaye wakati huo alikuwa na miaka sita. Mama yangu yuko Ngoliba. Mwaka huo nyonga yake iliharibika, ikawa kila baada ya wiki mbili aletwe kliniki Thika. Alikuwa akija kwa bodaboda. Siku moja alilia njia nzima, na hata hakuniambia. Niliambiwa na mwenye pikipiki. Jioni hiyo hiyo tukaamua kununua gari.

Tulizunguka yadi za Ruiru mpaka tukabaki na mawili, yote kwenye yadi moja, yameegeshwa bega kwa bega. Ni hizi SUV ndogo unazozijua, zimeinuka kidogo kutoka chini lakini si za kupanda milima. Yote mawili yalikuwa yametumika Japani na kuingia nchini majuzi tu. Injini karibu sawa, umri sawa, bei karibu sawa. Moja jeupe, moja la kijivu.

Baba Shiro alipenda jeupe. Buti yake ya mizigo ilikuwa kubwa kidogo, halikuwa linakunywa mafuta sana, na lilikuwa na skrini pana mbele. Mimi nilipenda la kijivu, na sababu yangu ilikuwa moja tu: milango ya nyuma ilifunguka kabisa, na kiti kilikuwa cha kimo ambacho mama angeweza kukalia kwanza, halafu avute miguu ndani polepole.

"Mama Shiro, hatununui kiti, tunanunua gari," aliniambia.

Tukakasirikiana. Wiki nzima tuliongea kupitia kwa mtoto.

Mwuzaji, mzee mmoja mwenye kitambi na maneno mengi anayeitwa Mureithi, akatuonea huruma. Akasema tuje Jumamosi tuyajaribu yote mawili barabarani. Asubuhi Baba Shiro aliendesha jeupe, akarudi anatabasamu, halafu akaitwa kazini kiwandani. Mchana nikabaki mimi, Shiro na Mureithi. Nikasema nataka kwenda na la kijivu mpaka Ngoliba, mama akae kwenye kiti, tuone. Mureithi akacheka, lakini akakubali.

Nilipofungua mlango wa nyuma Shiro aingie, akasimama.

"Mami, na huyu guka tunaenda naye?"

Nikachungulia nimwone huyo babu. Kwenye kiti cha nyuma, upande wa pili, alikuwa ameketi mzee mdogo wa mwili, kofia ya rangi ya maziwa kichwani, glovu nyeupe mikononi. Alikuwa amefunga mkanda. Uso wake ulikuwa wa watu wa Mashariki ya Mbali, na wewe unajua hapa kwetu, tangu barabara kuu ijengwe, ukiona sura kama ile unajua ni Mchina wa barabara. Nikadhani ni fundi wa yadi, au ni mteja ameomba apewe lifti. Ningeshtukia nini? Nikamwambia, "Habari, mzee." Akainamisha kichwa kwa heshima sana, kama anayesalimia mtu mkubwa. Nikamfunga Shiro mkanda, tukaondoka.

Mureithi alikaa kando yangu akiongea bila kupumzika, kuhusu gia, kuhusu tairi, kuhusu kijana wake aliye Nakuru. Hakugeuka nyuma hata mara moja. Shiro alikuwa akiongea pia, sauti ya chini, anaonyesha vitu dirishani: ng'ombe, mananasi, tangi la maji. Mara mbili nilitazama kioo cha kati. Mzee alikuwa akifuata kidole cha mtoto kwa makini, anatikisa kichwa kukubali.

Jambo moja lilinishangaza. Joto la kule unalijua. Lakini mgongo wangu ulikuwa baridi, si baridi ya woga, la. Ilikuwa baridi safi, kama ya mahali ambapo hujawahi kufika.

Tulipoacha lami ya barabara ya Garissa tukakuta mvua imenyesha. Kabla ya kufika kwa mama, njia inashuka hadi kwenye kijito, na hapo mnavuka juu ya daraja fupi la saruji lisilo na kingo. Nimelivuka tangu utotoni. Siku hiyo maji yalikuwa yamepita juu yake, ya kahawia, yametulia, yanaonekana hayafiki hata kwenye kifundo cha mguu.

"Pita tu, mwalimu," Mureithi akasema. "Hii ndiyo kazi ya gari hili."

Nikakanyaga mafuta kidogo.

Mkono ukanishika bega. Niliona vidole vya glovu nyeupe kwa pembe ya jicho, na nikasikia neno moja, fupi, la lugha nisiyoijua. Hakupiga kelele. Alilisema kama mtu anayemwambia mke wake asubiri kidogo. Nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili, gari likasimama magurudumu ya mbele yakigusa maji.

"Nini sasa?" Mureithi akauliza.

Nilishuka, nikaokota ufito kando ya njia, nikauchomeka majini mbele ya boneti. Ukaingia, ukaingia, mpaka mkono wangu ukalowa hadi kiwiko. Haukugusa chini. Daraja halikuwapo. Maji yalikuwa yamelibeba na kutuachia uso wao laini, kama mkeka uliotandikwa juu ya shimo. Mureithi naye alishuka, akaona, akakaa chini kwenye matope na suruali yake safi.

Nikageuka kumshukuru yule mzee.

Alikuwa ameshatoka garini. Manyunyu yalikuwa yakituangukia sote, lakini kofia yake ilikuwa kavu. Alivua glovu moja, akapitisha kiganja juu ya boneti, polepole, kutoka kioo hadi taa. Umewahi kumwona mtu akiagana na ng'ombe wake aliyemuuza? Basi hivyo. Kisha akarudi hatua mbili, akainama mpaka mgongo ukawa kama meza, na alikaa hivyo muda mrefu. Hakuwa ananiinamia mimi. Aliliinamia gari.

Nilipopepesa macho, palikuwa na nyasi tu.

Shiro alikuwa dirishani akipunga mkono.

"Unampungia nani?" Mureithi akauliza.

"Guka. Amefika kwao."

Haki ya Mungu, sikuogopa. Nilisimama pale kwenye mvua, nikilia, na sikujua nalilia nini.

Usiniulize tulirudije Ruiru. Baba Shiro alitukuta yadini, nikamweleza yote. Alimwangalia Mureithi, akitegemea atacheka. Mureithi alifungua tu kisanduku cha dashibodi, akatoa kijitabu cha gari, kile cha kuandikia matengenezo. Kila ukurasa ulikuwa umejaa herufi ndogo za Kijapani zilizoandikwa kwa kalamu, mistari iliyonyooka, mwandiko ule ule miaka na miaka.

"Vitu kama hivi huwa tunatupa," Mureithi akasema kwa sauti ndogo. "Hiki sijui kwa nini sikutupa."

Mume wangu alitazama gari jeupe, akatazama la kijivu. Alikuwa na haki ya kukataa. Nani ananunua gari lenye mtu ndani? Alimbeba Shiro, akamuuliza, "Huyo guka alikuwa mbaya?"

"Hapana. Alikuwa anatuangalia."

Tulinunua la kijivu. Baba Shiro aliomba tu pasta aliombee, na pasta alipokuja aliweka mkono juu ya boneti, akasema, "Aliyelitunza na apumzike."

Siku tuliyokwenda kumchukua mama kwa njia ndefu ya kuzunguka, alisimama mlangoni mwa gari akiegemea fimbo yake. Kabla sijamshika, aliingiza mkono ndani, chini kabisa kando ya kiti, mahali ambapo mimi na Mureithi hatukuwa tumewahi kutazama, akashika mshikio mdogo uliozungushiwa kitambaa. Si wa kiwandani. Ulifungwa na mtu, kwa mkono. Akajivuta, akakaa bila kuugua.

"Kuna mgonjwa alibebwa humu kabla yangu," mama akasema. "Na aliyembeba alimpenda."

Sasa ni miaka mitatu. Yule mzee hajarudi. Lakini siwezi kuwasha lile gari bila kusalimia kwanza, na Baba Shiro, ingawa anakana, nimemsikia akisema "habari ya asubuhi" akiwa peke yake ndani. Kila tunapopita njia ile ya Ngoliba, ingawa daraja jipya limejengwa, bado napunguza mwendo hadi mtembea kwa miguu anatupita.

Wewe unayetafuta gari, gombaneni kuhusu buti na mafuta, ni sawa. Lakini kabla hujalipa, kaa ndani peke yako, zima simu, na ujue kwamba hukai kwenye kiti kipya. Usitupe kijitabu. Usicheke mtoto akikuambia kuna mtu. Na ukifika kwenye maji yaliyotulia, mkono ukakushika bega, usigeuke kwanza kuona ni wa nani. Kanyaga breki.