Kumi la Jirani

Juzi nilimwona mjukuu wangu akifungua kitita cha njiti kumi ili afanye hesabu ya kutoa, vidole vyangu vikaniuma.

Darasa letu la Kikwajuni lilinuka chaki na mafuta ya nazi ya vichwani mwetu. "Mbili toa tisa haiwezekani," alisema mwalimu. "Kaombe kumi kwa jirani." Leo najua alikusudia safu ya makumi. Mie nikamgeukia Zuwena, niliyekaa naye, akanipa kitita chake.

Bakora ilinishukia vidoleni mpaka damu ikachirizika juu ya njiti. Zuwena akaidaka ile bakora.

"Mwalimu, jirani yake si ndo mie?"

Mwalimu alimzaba kofi lililomwangusha, akamburura hadi nje.

Baba yake alisema mtoto wa kike anayeshika bakora ya mwalimu skuli haimfai, akamtoa moja kwa moja.