Baba, Babu, Jina

Miaka ya tisini nilikuwa mwalimu Garissa, na nilijigamba kwamba mji mzima hakuna mwingine anayejua kuandika programu ya kompyuta. Ofisi moja ikanipa kazi: orodha ya wasichana waliomaliza darasa la nane, ipelekwe Nairobi kutafutiwa nafasi za shule ya bweni. Mdogo wangu alikuwemo. Baba yetu, aliyekuwa na mifugo huko Banissa, alishasema: barua ya kuitwa isipofika muhula huu, binti arudi kwa ngamia.

Kila msichana nilimwingiza kwa lebo tatu: jina, baba, babu. Nairobi hawakutaka lebo. Walitaka majina matatu matupu ndani ya mabano, kila moja litambulike kwa nafasi yake. Nikaandika programu kwa mtindo niliofundishwa chuoni: orodha inaingia huku, orodha mpya inatoka kule, ile ya kwanza haiguswi. Mistari minne tu. Kichwa kikanivimba.

Mchana nikapeleka karatasi nyumbani, mtaa wa Iftin, kujionyesha. Mama hajui kusoma. Alikuwa akichambua mchele, nami nikamsomea mstari wa mdogo wangu.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma.

"Wallahi, umempeleka baba yako shule. Na mtoto umemfanya babu wa baba yake."

Nilitamani ardhi ipasuke. Sisi tunafundishwa nasaba kabla hata ya kuhesabu: jina lako, la baba, la babu, kurudi nyuma, na hakuna anayetaja lebo. Kompyuta sikuiambia ianze na nani, basi ikapanga lebo kwa alfabeti: baba, babu, jina. Orodha nzima ya wasichana ilikuwa imeanza na wanaume, na Nairobi wangeitupa.

Nilirudi ofisini nusu nikikimbia. Nashukuru orodha ya kwanza ilikuwa salama. Nikaongeza mstari mmoja: jina, kisha baba, kisha babu. Karatasi mpya ikaondoka na basi la asubuhi.

Barua ilifika kabla muhula haujaanza. Mdogo wangu aliisoma kwa sauti, jina lake, la baba, la babu. Mama alisubiri mpaka la tatu, akatikisa kichwa kukubali, kisha akainuka kwenda kulitoa sanduku la bati chini ya kitanda.