Siku Muzungu wa Pologne Alipokwenda Kuniposea

Nitawaambia, lakini muniache nimalize kwanza njo mucheke, maana haya ya ile siku haijanitoka mpaka leo, na kila mara watu wakianza kumusifu yule profesa wetu wa falsafa, muzungu wa Pologne (Poland), vile alitufungua akili, mimi naangalia viatu. Ni kweli alitufungua akili. Mimi alinifungua mpaka tumbo, na watu wa Mangobo, mutaa yetu kule Kisangani, wakaona yote iliyokuwa ndani.

Ilikuwa wakati ya Zaïre, ya kuitana citoyen na kuvaa abacost, ile suti ya serikali isiyo na tai, asubuhi unaimbia chama mbele ya bendera, kisha njo unaingia darasani. Sisi wanafunzi tulimuita Papa Donc, sababu hakuweza kusema maneno kumi bila kutia donc, ile "kwa hiyo" ya Kifaransa. Kwao alikuwa profesa mukubwa, lakini siku moja chama ya kwao (na wao walikuwa na chama moja tu, sawa sisi) ilimuletea karatasi akubali kwamba mwenzake fulani ni musaliti, akasema hapana, si kweli, sitii sahihi, wakamunyang'anya darasa, akazunguka dunia mpaka akatokea Kisangani na baisikeli na soksi ndani ya sandales. Hapa pia, watu wakicheza animation, ngoma ya kusifu chama, na kupiga makofi, yeye alikaa anasoma kitabu. Wakubwa wakasema muache, ni muzungu, joto imemuingia kichwani.

Sisi tulimupenda kupita kipimo. Na mukitaka kujua alituachia nini, nitawaambia ile haiandikwi popote: tulivaa soksi ndani ya sandales. Kwa joto ya Kisangani! Tulitembea mikono mugongoni, mama wa soko akikuuliza unataka muhogo ngapi unanyamaza kwanza, unaangalia mbinguni, kisha "donc..." na mama anakutukana wewe na ukoo yako. Mimi nilikuwa wa kwanza kati ya wote. Nilimubebea mufuko yake, nikaandika kurasa makumi ine juu ya maisha yake, mutu asiyesema uongo, nikasoma mbele ya darasa, wakanipigia makofi, machozi karibu initoke juu ya uzuri ya maneno yangu mwenyewe.

Bon. Kulikuwa na Sakina, binti ya Papa Ramazani, fundi wa kushona, mutu wa Kasongo, mwislamu wa sala tano, aliyewashonea wakubwa wa muji abacost zao na hakuogopa hata mumoja. Nilimupenda yule binti mpaka nikawa napita mbele ya lopango yao, uwanja ya nyumba yao, mara ine kwa siku, nikijifanya natafuta njia. Na yeye alinikubali, sababu nilimwambia mimi ni assistant wa profesa (nilizidisha kidogo tu), namaliza masomo mwaka huu, na pombe siijui hata harufu. Alibaki baba yake. Na desturi yetu munaijua: kijana anayeposa hafungui kinywa, anainamisha kichwa, mukubwa wake njo anamusemea. Kwetu hiyo kazi ilikuwa ya Tonton Asumani, ndugu ya baba yangu, muuza samaki, aliyekuwa ameposea nusu ya vijana wa Mangobo. Yule mutu angeweza kumusifu mwizi mpaka umupe funguo ya nyumba.

Alors, shetani akanishika. Nikawaza, Tonton na suruali yake ya magamba ya samaki? Lakini profesa muzungu akija yeye mwenyewe Mangobo, kwa ajili yangu mimi Amisi, Papa Ramazani atapata wapi nguvu ya kukataa?

Tonton alinionya. "Mutoto wangu, mutu wa kuposa anapashwa kuwa na mafuta kwa ulimi. Huyu wako iko na nini?"

"Iko na doctorat, Tonton."

Akanitazama kwa huruma, akasema bon, atakuja tu kukaa nyuma.

Profesa naye aliuliza kitu moja tu: "Wataniuliza maswali?" Nikasema mbili tatu. "Nitajibu," akasema. Na mimi, na zile kurasa zangu makumi ine, nikafurahi!

Jumapili akafika na baisikeli, watoto wa avenue nzima nyuma yake wakipiga kelele, majirani juu ya kuta, mimi kifua mbele. Tukakaribishwa, wali, kuku, chai. Miaka nane alikuwa amejifunza Kiswahili sokoni, kila mutu alimusikia vizuri, kwa bahati mbaya.

"Citoyen Profesa," Papa Ramazani akaanza, "huyu kijana sisi tunamuonaka njiani tu. Wewe njo unamujua. Ni assistant wako?"

Papa Donc akanyamaza. (Ile kunyamaza yake, tuliyoiga miaka mbili!) Akasema: "Assistant? Hapana. Ananibebea mufuko."

Nikakohoa. Watu wakadhani ni mufupa ya kuku.

"Lakini anamaliza mwaka huu?"

"Anarudilia mwaka, mara ya tatu. Iko na akili, donc angeweza kumaliza. Lakini anapenda kuonekana na akili kuliko kuitumia."

Ye Mungu wangu! Nikamukanyaga muguu chini ya meza. Akageuka, na heshima yake yote: "Amisi, unanikanyaga."

"Ijumaa anasali?" Papa Ramazani sasa alikuwa ameweka kikombe chini.

"Ijumaa, ile saa, anakuja kwangu tunacheza échecs, ile sataranji ya ubao."

"Anakunywa?"

"Anakunywa. Bière vizuri. Lotoko anatapika."

Kule ukutani mutu akaanguka kwa kucheka, nilisikia kabisa akianguka. Tonton Asumani akaruka: "Papa Ramazani, muzungu anafanya mizaha, kwao njo desturi!" Na Papa Donc, polepole: "Hapana. Sifanyi mizaha." Shangazi ya Sakina akajifuta machozi ya kicheko na pembe ya kikwembe, akauliza kwa sauti kama huyu profesa yeye iko na bibi. Mimi kichwa chini, sawa desturi inavyotaka, na mara ya kwanza katika maisha yangu niliiheshimu desturi kwa moyo wote.

Lakini wallahi, hapo bado nilikuwa na tumaini. Sababu Sakina alikuwa ameketi karibu ya shangazi yake na alikuwa anacheka, anacheka vizuri, kicheko ya mutu anayeweza kusamehe. Baba yake akamugeukia. "Umesikia. Unamutaka, ao humutaki?"

Sakina akafikiri. Kisha akasema: "Nimuulize Profesa neno moja. Anasemaka nini juu yangu?"

Papa Donc akanitazama, akamutazama Sakina, akafungua kinywa, akafunga. Alikuwa amekataa chama ya kwao na makofi ya chama yetu, lakini hapo niliona mutu anatafuta uongo kwa nguvu yake yote, jasho inamutoka, na haipati.

"Binti," akasema, "jina yako nimeisikia leo, hapa kwa mulango."

Miaka mbili, kila ijumaa! Nilikuwa nimemuelezea yule mutu mawazo yangu, kurasa zangu, wivu ya wenzangu, meno yangu ikiuma. Sakina hakulia wala hakunitukana. Alikusanya vikombe, akaingia ndani, na kikombe yangu aliiacha mezani. Papa Ramazani akanisindikiza mpaka kwa mulango akasema: "Pombe inaachwa, masomo inamalizika. Ile ingine sijui dawa yake." Mwaka uliofuata akamuoza kwa mwalimu wa Simi-Simi, mutu mufupi, asiye na falsafa yoyote.

Kesho ya ile Jumapili nilikwenda kwa Papa Donc kugombana. Nikamwambia umeniua, ungeshindwa nini kusema uongo moja kidogo, hata mutoto anajua!

"Uliandika kurasa makumi ine kwamba sisemi uongo," akasema. "Uliandika bila kuamini?" Akanimiminia chai, na ile siku hakusema donc hata mara moja. "Amisi, ungenitajia jina yake mara moja tu, ningesifu mapenzi yako mpaka magaribi. Ningeimba."

Basi hiyo njo haya yangu, chekeni sasa. Soksi niliitupa wiki ile ile. Na niliapa: sitamupa tena mutu mwingine kazi ya kusema kile mimi mwenyewe sijasema. Wenzangu wa kazi wananichoka, wanasema huyu mutu hawezi kuomba chumvi bila kumutaja bibi yake. Wacha wachoke. Anaitwa Mariamu, na nimewaambia kabla hamujauliza.