Fundi Suruali na Mguu wa Kushoto

Fundi cherehani alikuwa na maringo ya wanaume watatu na mguu mzima mmoja. Ule wa kushoto, kila akitembea kidogo, ulimbana kwenye kigimbi; akisimama, ulitulia. Daktari hakumung'unya maneno: mishipa ya damu imekakamaa, ndani imejaa mafuta, damu inapita kwa taabu. Ameze dawa kila siku, aache sigara, na atembee mpaka maumivu yamkabe, apumzike, aendelee. Akileta mchezo, mguu unaweza kukatwa.

"Nimekata miguu ya suruali za watu maisha yangu yote," alimwambia mkewe. "Sasa ni zamu yangu!"

Alicheka peke yake. Kusema kweli, alikuwa na woga wa kumtoa jasho.

Sigara aliacha kwa kununa, dawa akameza. Kutembea? Thubutu! Alikanyaga pedeli ya cherehani kutwa nzima, jioni akajisifu: "Leo nimetembea, mama watoto, we acha tu!"

"Umefika wapi?"

Fundi akakohoa.

"Umefika hapo hapo ulipokaa. Vaa viatu, twende."

Basi kila jioni wakawa wanapanda mtaa hadi kwa binti yao. Fundi, ambaye angeona heri kufa kuliko kuonekana mgonjwa, alikuwa na ujanja wake: mguu ukibana anasimama dukani, anakagua mishono ya nguo zilizotundikwa. Lakini maduka yakiisha unaanza ukuta mrefu wa shule. Atakagua nini, matofali? Bahati yake, hapo hapo mkewe huinama kurekebisha kiatu.

"Viatu gani hivyo?" fundi hufoka huku anahema, kimoyomoyo anashukuru. "Kutembea tu kunakushinda!"

"Nisamehe, baba. Vinanisumbua."

Miezi ikapita. Jioni moja wakafika ukutani, mguu kimya. Mkewe akainama kama kawaida. Fundi, kifua mbele, akaona leo awe muungwana.

"Hebu lete nikufungie mimi."

Akachuchumaa. Viatu vilikuwa vya kutumbukiza tu. Havina kamba, havina kishikizo. Yeye anayeona mshono uliopinda kutoka ng'ambo ya barabara! Uso ukamwaka kwa aibu.

"Kumbe ulijua siku zote," alisema, bado kachuchumaa. "Leo hauumi, mke wangu. Kweli tena."

"Afadhali," mkewe akajibu, akijishika kiuno. "Maana mgongo wangu umechoka."