Kona ya Bomba Juu ya Kichwa cha Elikana

Saa moja asubuhi, Scola Bariki anapanda ngazi ya chuma, nyundo ndogo mkononi. Chini yake mumewe, Elikana, anajaza saruji kwenye mifuko, na moja kwa moja juu ya kichwa cha Elikana kuna kona ya bomba aliyoitengeneza Scola mwenyewe.

"Naogopa, ndugu mwandishi, sikufichi," anasema. "Pale pakipasuka, ni baba wa watoto wangu."

Scola ni fundi wa mabomba katika ghala la saruji karibu na bandari ndogo ya Kibirizi, ziwani. Unga wa saruji husukumwa bombani kwa upepo wa kompresa, na ukifika kwenye kona unakwangua chuma kama msasa mpaka unakitoboa. Ndiyo maana kona huvishwa kitu cha kuikinga kwa ndani.

Amejaribu vitu vitatu. Mpira uliisha upesi. Chuma kigumu cha kulehemu kilivumilia, lakini nacho kilikwanguka. Vigae vya kauri ndivyo vilivyodumu.

"Kauri hailiki, jamani! Ila ina ubaya wake," anasema. "Kigae kimoja kikibanduka, saruji inakula chuma palepale, na kwa nje huoni kitu."

Zamani kona ikivuja, mafundi waliifunga kwa vipande vya mpira wa tairi, kazi ikaendelea. Bandeji, ndivyo walivyoviita. Mwaka juzi bandeji moja ilifumuka usoni mwa mwenzao, Telesphory. Jicho lake la kushoto halioni tena.

Leo Scola anaigonga kona ya kauri. Ko, ko, ko. Mara mlio unabadilika. Anagonga tena palepale.

"Zimeni mashine!"

"Mama Diana, boti ya Burundi inasubiri mzigo," anapaza sauti msimamizi, Feliksi. "Funga mpira, jioni tutaangalia."

"Nifunge mpira juu ya kichwa cha nani? Elikana, toka hapo! Toka, nakwambia!"

"Ego," Elikana anaitikia kwa Kiha, ndiyo, huku akicheka, akidhani anataniwa. Akiinua macho na kumwona mkewe anavyoshuka mbio, kicheko kinakatika. Anatupa mfuko na kukimbia. Feliksi anazima mashine.

Kona inafunguliwa. Kigae kimoja hakipo. Scola anabonyeza pengo kwa kidole gumba, na chuma kinabonyea kama kopo. Anakaa sakafuni, puh!

"Gundi ya kigae hiki niliipaka mimi," anasema, na machozi yanamtoka.

Kauri hataiacha, kwa sababu hajaona iliyo bora. Mpango wake ni kuihamisha kona yenyewe nje ya ukuta, mahali asipokaa mtu. Safari hii Feliksi habishi.

Saa sita Elikana anafungua bakuli lake la ugali na dagaa, amekaa palepale alipozoea, chini ya bomba.

"Mashine imezimwa, mama. Unaogopa nini tena?"

Scola anamnyang'anya bakuli na kutoka nalo nje, juani. Elikana anainuka, anamfuata.